Kuwatafuta simba, chui na duma Ruaha: mwongozo kwa anayeanzia safari Dodoma

Kila Juni inapokaribia, maswali yanayonifikia ni yale yale. Gari dogo litafika? Simba wataonekana kweli, au nitaishia kuona twiga na pundamilia? Ni lazima nipitie kampuni ya utalii? Watoto je? Nimeona niyajibu yote hapa kwa pamoja, kwa mkazi wa Dodoma au aliyefika Dodoma kwa treni ya SGR kutoka Dar, ambaye hasa anataka kuwaona paka wakubwa kwa macho yake.

Nitakupeleka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Najua zipo nyingine. Tarangire unafika kwa lami kupitia Kondoa na Babati, na lango lake liko kilomita chache tu kutoka barabara kuu, pale Kwakuchinja. Mikumi unaifuata kupitia Morogoro. Kama una siku mbili tu, au gari lako liko chini sana, nenda mojawapo ya hizo. Kuanzia hatua ya 6 mwongozo huu utakufaa vilevile. Ila kwa paka, mimi chaguo langu ni Ruaha. Ilianzishwa mwaka 1964, na bonde la Usangu lilipoongezwa mwaka 2008 ikazidi kilomita za mraba 20,000. Kaskazini yake yapo mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na kwa pamoja eneo hili ni moja ya ngome kubwa za simba zilizobaki duniani. Isitoshe magari ni machache. Ukimpata simba unaweza kukaa naye saa nzima bila gari la pili kutokea, jambo ambalo kaskazini ni nadra.

Shika jambo moja tangu sasa: paka hapatikani kwa kuzunguka sana. Anapatikana kwa kukaa karibu na maji na kuwasoma wanyama wengine. Wanaorudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu, mara nyingi ndio waliotembea kilomita nyingi kuliko wote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Siku nne zisizo na haraka: moja ya kwenda, mbili kamili ndani ya hifadhi, moja ya kurudi. Siku moja ndani ni bahati nasibu.
- Gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Makorongo ya Ruaha yana mchanga mwingi.
- Spea mbili nzima, jeki, kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki, sepetu, kamba ya kuvutia, kipimo cha upepo na pampu.
- Darubini. Ya mara 8 inatosha sana, hata ile ya kuazima. Bora ukose kamera nzuri kuliko kukosa darubini.
- Maji ya kunywa, angalau lita 5 kwa mtu kwa siku, na dumu la ziada kwa ajili ya gari.
- Chakula kikavu na cha kupika. Nunua mbogamboga na nyama Iringa, sokoni.
- Kitambulisho cha NIDA. Raia hulipa ada ndogo kwa shilingi, lakini lazima uthibitishe kuwa ni raia.
- Nguo za kahawia, kijani kilichofifia au kijivu, za mikono mirefu. Acha nyumbani nguo za bluu na nyeusi, kwa sababu ndorobo (mbung'o, nzi wanaouma) huvutwa na rangi hizo.
- Sweta. Iringa mjini mwezi Juni na Julai kuna baridi kali, na asubuhi ndani ya gari lililofunguliwa madirisha utatetemeka.
- Chandarua, dawa ya kufukuza mbu, tochi na dawa za huduma ya kwanza. Muulize daktari mapema kuhusu kinga ya malaria.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Juni hadi Oktoba. Wakati huo nyasi zimekauka na kulala, maji yamebaki sehemu chache, na kila mnyama analazimika kushuka kunywa. Simba wanalijua hilo kuliko sisi. Septemba na Oktoba kuna joto na vumbi, lakini kwa paka ndiyo miezi bora kabisa. Mvua zikishika, nyasi hupanda juu, madimbwi hutapakaa kila mahali na barabara nyingi za ndani huharibika. Ni kuzuri kwa ndege na kwa picha za kijani, si kwa simba.

2. Amua utakwendaje. Kampuni si lazima. Unaweza kwenda na gari lako, au mkachanga watu wanne au watano mkakodi gari pamoja na dereva. Dereva awe mtu anayeijua Ruaha hasa, si anayesema tu ameshafika hifadhini. Muulize: korongo la Mwagusi unaliingilia wapi? Ukitoka Msembe asubuhi unaanzia upande gani? Akibabaika, tafuta mwingine. Kama unaendesha mwenyewe, ulizia askari wa kukuongoza kwa malipo siku ya kwanza. Fedha hiyo haipotei.

3. Weka nafasi ya kulala. Pale Msembe, makao makuu ya hifadhi, kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na sehemu ya kupiga kambi. Wasiotaka kulala ndani hulala kijiji cha Tungamalenga, nje ya lango, ambako kuna nyumba za wageni na kambi za bei ya kawaida. Ushauri wangu ni ulale ndani. Anayelala nje hupoteza alfajiri akiwa barabarani, na alfajiri ndiyo uliyoifuata.

4. Malizana na malipo mapema. Hifadhi za TANAPA hazipokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipia kwa simu au benki. Mtandao wa simu ukikaribia hifadhi unasumbua, hivyo weka salio la kutosha ukiwa bado Iringa. Kwa anayelala ndani, kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu anapoingia, kwa hiyo andika saa uliyoingia. Watu wengi hulipa siku ya ziada kwa kuchelewa kutoka dakika chache tu.

5. Dodoma hadi langoni. Ondoka Dodoma saa 11 alfajiri kwa barabara ya Iringa. Ni lami, kama kilomita 260, inapita Fufu, inashuka hadi bwawa la Mtera, kisha Migori na Izazi, halafu inapanda mlima Nyang'oro. Pale Mtera pumzika, kula samaki, na uyatazame yale maji: Mto Ruaha Mkuu unaolijaza bwawa hilo umepita kwanza hifadhini, ukingoni mwa kule unakokwenda. Nyang'oro ina kona kali na malori, usijaribu kuyapita kwenye kona.

Iringa mjini jaza tangi mpaka juu, na dumu la lita 20 ukiweza. Usihesabu kupata mafuta mbele. Kutoka hapo ni kama kilomita 110 hadi lango, ukipitia Kalenga, palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Mbele zaidi njia inagawanyika: moja inapita Idodi na Tungamalenga, nyingine inanyooka porini, na zote zinakutana tena kabla ya lango. Anayekwenda mara ya kwanza apite ya vijijini, kwa sababu ukiharibikiwa utapata msaada. Sehemu kubwa ni vumbi lenye matuta madogomadogo yanayotikisa gari. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, nenda taratibu, na tenga saa tatu nzima.

Katika vijiji hivyo kumbuka kitu kimoja. Watu wa Idodi na Pawaga ndio wanaoishi na simba mwaka mzima, na wapo waliopoteza ng'ombe. Nunua kwao mkaa, ndizi, mayai. Simba akimaanisha hasara tupu kwa jirani yake, hatadumu.

6. Jioni ya kwanza, usikimbie. Ukiingia saa 9 au 10 alasiri, weka mizigo, kisha fuata barabara ya kando ya Mto Ruaha Mkuu. Chagua dimbwi lenye maji, simama mahali penye kivuli na pa kuonekana, zima gari. Kaa dakika arobaini. Tangu miaka ya 1990 mto huu hukatika kutiririka kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayotumika kwa kilimo huko juu Usangu, na yanabaki madimbwi yenye viboko na mamba. Ni habari ya kusikitisha na ni lazima tuisemee. Ila kwa mgeni maana yake ni kwamba wanyama wote wanajulikana watakuja wapi.

Rudi kambini kabla giza halijaingia. Kuendesha usiku ndani ya hifadhi bila kibali maalumu hairuhusiwi.

7. Asubuhi, uwe barabarani saa 12. Chai weka kwenye chupa, mtakunywa huko mbele. Simba hulala sehemu kubwa ya siku, hata saa ishirini. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ndipo utakapomkuta bado anatembea, anamalizia kula au anarudi kutoka kunywa. Elekea korongo la Mwagusi, ambalo kwa simba wa Ruaha ndilo jina la kwanza kulitaja. Kiangazi juu yake ni mchanga mtupu, lakini maji yapo chini. Tembo huchimba kwa miguu na mkonga, na wengine wote hufuata visima vyao. Nyati wakishuka pale kwa makundi, simba huwa hawako mbali.

Mwendo wa kutafuta ni kilomita 15 hadi 20 kwa saa, ingawa kikomo ni 50. Gawaneni macho: mmoja kushoto, mmoja kulia, dereva mbele. Na msiangalie majani, angalieni katikati ya majani, kwenye kivuli.

8. Soma dalili. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, soma polepole.

*Macho ya wanyama wengine.* Swala pala waliotulia hula wakiwa wameelekea kila upande. Wakisimama wote kimya, masikio mbele, wanatazama sehemu moja, na wewe tazama hapo. Twiga ni bora zaidi kwa sababu yuko juu. Asubuhi moja kando ya Mwagusi niliwaona twiga watatu wamesimama bila kutafuna, shingo zote zimegeukia kichaka kimoja cha mswaki upande wa pili wa korongo. Kwa darubini hapakuwa na kitu ila majani na kivuli. Tukasubiri. Baada ya muda sikio moja la mviringo, jeusi kwa nyuma, likajitikisa kufukuza nzi. Tulipozoea kuangalia tukamwona jike, kisha miguu ya mwingine, kisha watoto wakinyonya. Walikuwepo muda wote, na gari lililotutangulia liliwapita bila kuwaona.

*Sauti.* Swala pala akishtuka hutoa mlio mfupi wa puani, kama chafya kali. Nyani wakibweka juu ya mti huku wanatazama chini, mara nyingi ni chui. Kanga wakipiga kelele mfululizo bila kunyamaza, sogea taratibu uangalie. Usiku ukiwa kitandani sikiliza pia: ngurumo ya simba hufika hadi kilomita 8 usiku ukiwa umetulia. Kumbuka upande ilikotokea, uanzie huko asubuhi.

*Tumbusi.* Wakizunguka juu angani hiyo peke yake haitoshi, huenda wanapanda na hewa ya joto. Wakishuka kwa kasi mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Wakiwa wamekaa juu ya miti bila kushuka, mwenye mzoga bado yupo.

*Nyayo.* Za simba na chui hazionyeshi kucha, kwa kuwa huzificha. Za fisi na duma zinaonyesha. Kisigino cha paka kina vifundo vitatu kwa nyuma. Upana wa sentimita 11 au zaidi ni simba, chini ya 10 huenda ni chui. Nyayo zilizo juu ya alama za matairi ya jana ni za usiku huu. Zichunguze ukiwa dirishani, usishuke.

9. Mjue unayemtafuta.

Simba: ukingo wa makorongo, vivuli vya mswaki, mchana amelala. Simba wa Ruaha wamezoea kuwinda nyati na hata twiga, hivyo likiwepo kundi la nyati asubuhi, lifuate kwa macho kabla hujaondoka.

Chui: miti mikubwa ya kando ya mto. Mikuyu, mikwaju, migunga mirefu, mibuyu. Usitafute chui mzima. Tafuta mkia unaoning'inia, au mguu wa swala uliokwama penye panda ya tawi, maana hupandisha mawindo juu ili fisi wasimnyang'anye. Saa 11 jioni ni nzuri kuliko mchana. Usipomwona, usinung'unike, huyu ndiye mgumu kuliko wote.

Duma: sehemu zilizo wazi, juu ya kichuguu au gogo. Huwinda mchana kweupe, kwa hiyo saa 3 hadi saa 5 usirudi kulala. Wengi humchanganya na chui. Duma ana mchirizi mweusi kutoka jichoni hadi mdomoni, madoa yake ni duara nyeusi zilizojaa, na mwili ni mwembamba wenye miguu mirefu. Chui ni mnene, miguu mifupi, na madoa yake yamejikusanya kuzunguka katikati yenye rangi ya kahawia. Ruaha duma ni wachache kuliko simba, hivyo ukimpata kaa naye.

10. Ukimpata. Punguza mwendo mapema, sogea kwa mshazari badala ya kumwelekea moja kwa moja, simama mita 25 au zaidi, zima injini. Sauti chini. Hakuna kutoa mwili dirishani, kupiga honi wala kupiga makofi ili anyanyuke. Duma ndiye anayeumia zaidi na haraka zetu: magari yakimzunguka anaacha kuwinda, na mwenye watoto hulala njaa pamoja nao. Usikae kati ya mama na watoto, wala kati ya paka na maji. Kisha subiri. Simba aliyelala saa 10 alasiri, saa 11 na nusu ataamka, atapiga miayo, watalambana, na hapo ndipo utafurahi kwamba hukuondoka.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kutoka nje ya barabara ili kupata picha. Ni kosa kisheria, unaharibu mazalia ya ndege na nyasi, na ndiyo njia fupi ya kunasa.
- Kushuka kwenye gari kwa haja ndogo porini. Zipo sehemu zilizotengwa. Nyingine zote muulize askari. Simba aliyelala kwenye nyasi fupi haonekani mita kumi.
- Kuwaahidi watoto simba. Waahidi safari. Wape kazi ya kuhesabu twiga na wape darubini kwa zamu, watakuwa wa kwanza kuona kitu.
- Kupiga muziki garini. Utakosa kila sauti niliyoitaja hapo juu.
- Kutoka kwenye banda usiku bila kumulika tochi pande zote. Msembe haina uzio na wanyama hupita.
- Kuacha chakula garini dirisha likiwa wazi. Nyani hawasamehi.

Mambo yakikwama

*Umenasa kwenye mchanga.* Usikanyage mafuta kwa nguvu, unajizika. Tazama pande zote kwanza, mmoja abaki mlinzi juu ya gari. Toa upepo hadi karibu na 18 kwenye kipimo cha psi, fukua mchanga nyuma ya magurudumu, weka matawi makavu, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ukitoka, jaza upepo kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu.

*Pancha.* Sogea taratibu hadi sehemu ya wazi, hata kama tairi litaharibika. Tairi ni rahisi kuliko mguu. Wawili wabadilishe, wengine waangalie, milango ikiwa wazi.

*Tembo amefunga njia.* Simama mbali, zima muziki, usipige honi. Akitanua masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma polepole. Kama ni kundi lenye watoto, tafuta njia nyingine. Hawana haraka nawe usiwe nayo.

*Ndorobo wameingia garini.* Kwenye misitu ya miombo hufuata gari linalotembea. Funga madirisha, waue waliomo, pita upesi. Kando ya mto hupungua. Dawa nyingi za mbu hawazijali sana; nguo nene ndiyo kinga.

*Umepotea au giza linakaribia.* Usijaribu njia za mkato. Rudi kwenye mto, ufuate barabara ya kando yake, na uwe umepiga picha ramani ya langoni, kwa sababu simu haitakuwa na mtandao. Gari likizima kabisa, baki ndani. Kabla ya kutoka kila asubuhi, waambie walio mapokezi unaelekea upande gani. Usiporudi watajua pa kukutafuta.

*Siku ya pili imefika na hujaona paka.* Acha kuzunguka. Waulize madereva utakaokutana nao, hiyo ni desturi na hawakufichi. Rudi kwenye dimbwi lenye nyati wengi saa 9 alasiri, kaa hadi mwisho wa muda.

*Homa baada ya kurudi Dodoma.* Hata zikipita wiki mbili, nenda hospitali upime malaria siku hiyo hiyo. Majibu yakiwa hayana malaria na homa ikaendelea, au kuna kidonda kilichovimba mahali ulipoumwa, mwambie daktari waziwazi kwamba uliumwa na ndorobo hifadhini ili akupime malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Malale kwa wageni si jambo la mara kwa mara, lakini hutibika vizuri likigunduliwa mapema, na daktari asipoambiwa ulikotoka hatalifikiria.